Punje ya Mchele kwenye Ufizi

Mpaka leo nikisikia kijiko cha bati kikigonga jino la mtoto, mwili unanisisimka. Kwa wengine ni sauti ya furaha. Bibi anamlisha mjukuu uji, kijiko kinalia ti, anaita majirani kwamba mtoto ameota jino. Mimi nikisikia ti, moyo unauliza kwanza: la juu au la chini?

Mimi niliota la juu.

Nitawasema waliohusika. Majina nayaacha, maana wengine wameshakufa na wajukuu wao hawana kosa, lakini kila mtu nitamtaja kwa nafasi yake, na aliye hai atajijua. Wa kwanza ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Ndiye aliyekuwa ananilisha siku ile, nina miezi minane, nyumbani kwa baba, Ngonga. Kijiko kikalia. Akaingiza kidole akapapasa chini, ufizi mtupu. Akapapasa juu, akakuta mawili. Akaweka bakuli chini akasema, "Kigego."

Kama hujawahi kuitwa neno hilo una bahati. Kigego ni mtoto anayeota meno ya juu kabla ya ya chini. Walisema kila jino lake litakapong'oka litaondoka na mtu wa ukoo. Sisemi watu wote wa huku walikuwa hivyo. Wengi hata wakati ule walishaacha, ukiwaambia wanacheka. Nyumba ya baba haikucheka.

Wa pili ni baba mwenyewe. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Mama alimtazama ili aseme neno, naye akasema, "Mambo ya watoto ni ya wanawake," akaendelea kuchonga. Wa tatu ni mzee wa kanisa, jirani yetu, aliyeitwa mchana huohuo atoe ushauri. Alisema atatuombea, akanywa maji, akaenda zake. Naamini aliomba kweli. Ningezama naye akiwa amepiga magoti.

Maana shangazi alishasema kwamba kesho yake atakwenda kuniogesha mtoni, yeye na mimi tu. Mama alielewa. Alinifunga mgongoni, akachukua jembe kama mtu anayekwenda shamba la mpunga, akaliacha jembe kwenye tuta la mwisho na kushika njia ya Matema. Alilala njiani kwa watu. Siku ya pili akavuka kwa mtumbwi hadi Ikombe, kwao, kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu. Haya yote nimeyapata kwake, aliyarudia mpaka nikawa kama niliyaona kwa macho yangu. Bibi mzaa mama alinifungua mdomo, akatazama, akasema, "Chungu kingine kina mdomo mpana, kingine mwembamba. Vyote vinaivisha." Ndiyo ilikuwa kesi yangu yote Ikombe, ikaisha hapo.

Lakini yale mawili ya chini, ya mbele, hayakuja. Ya utotoni hayakuja, na ya ukubwani hayakuja. Ya pembeni yakaota yakiegemea pengo kama watu wanaochungulia kisima. Shuleni waliniita kibogoyo. Nilifika darasa la nne, siku moja mwalimu akanisimamisha nisome kwa sauti, s zote zikatoka kwa upepo, darasa likaanguka kwa kicheko na mwalimu naye akacheka. Huyo mwalimu ni wa nne. Sikurudi. Nilijifunza kufinyanga, na nilijifunza kucheka nimefunga midomo.

Mume wangu nilimpata sokoni Matema nikiuza vyungu. Ni mfanyabiashara, anavuka mpaka wa Kasumulu kwenda Karonga na kurudi, leo yuko huku, kesho yuko kwa ndugu zake wa Malawi. Nilimwambia meno yangu yalivunjika utotoni, nilianguka na chungu cha maji kwenye mawe. Akaamini. Alinileta Mbugani, Kyela mjini, kwenye nyumba anayokaa mama yake.

Mtoto nilimpata nimeshakata tamaa, wa kike, mmoja tu. Mkwe wangu alifurahi kuliko mimi. Ni mtu wa dini, simsemi kwa ubaya, amenifunika na kitenge chake nikiwa mgonjwa. Lakini siku moja alimpakata mtoto wa jirani, akatazama mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ameanzia chini, Bwana asifiwe." Nilikuwa napepeta mchele. Ungo ulinitoka mikononi.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Kila asubuhi nilinawa kidole, nikaingiza mdomoni mwa mwanangu, nikapapasa. Miezi sita, hakuna. Miezi saba, hakuna. Miezi minane na kitu, ufizi wa juu ukavimba, ukawa mgumu, na wa chini laini kama ndani ya shavu. Na kila siku saa nne mkwe wangu alikuwa anakaa kibarazani na bakuli na kijiko.

Sasa nitamtaja wa tano, ambaye ni mimi.

Nilichagua punje moja ya mchele, nzima, nyeupe, isiyo na ncha. Nilichukua sindano nikaichoma motoni kwanza, hilo nililifanya. Nikaukwaruza ufizi wa chini wa mwanangu, akiwa ananyonya ili asilie sana, nikaichomeka punje ikasimama. Ukitazama kwa mbali ungeapa ni jino. Nikatoka naye mpaka mlangoni, sikusogea zaidi, nikasema, "Mama, ameota." Mkwe wangu, ambaye macho yake hata wakati ule hayakuwa mazuri, alitazama kutoka kibarazani akapiga kigelegele. Majirani wakaitikia. Nilisimama pale nimemshika mtoto, naomba asipige chafya.

Baada ya siku mbili ufizi ulivimba, ukatoa usaha, mtoto akawa wa moto kama jiwe la jikoni. Punje nikaitoa, na kwenye zahanati nilisema amejichoma na kijiti. Alipona. Meno ya juu yakatoka na hakuna aliyehesabu, maana kigelegele kilishapigwa. Yale mawili ya chini yakaja baadaye sana, ameshapita mwaka, madogo na mafupi, kama punje zilezile za mchele. Nilipoyaona sikushukuru. Niliogopa.

Mtoto akakua. Wenzake wakang'oka meno ya utoto wakaota makubwa. Yeye yale mawili ya chini yakabaki. Juu, mawili ya pembeni yakaota yamechongoka kama misumari, na kati ya jino na jino nafasi inayopitisha bua la ulezi. Nami nilijua, au nilidhani najua: nimeua mbegu za meno ya mwanangu kwa punje ya mchele. Miaka kumi na zaidi nilimtazama akila nikajisemea, wewe umemfanya hivi. Shangazi alitaka kukuzamisha mara moja, wewe umemzamisha wako kidogokidogo.

Alipokuwa darasa la sita walikuja wauguzi shuleni kukagua vinywa. Alirudi nyumbani na karatasi ya kwenda kwa daktari wa meno hospitali kubwa, Mbeya. Niliificha chini ya mchele kwenye debe. Niliogopa daktari atauona ufizi, ataliona kovu, atauliza. Niliogopa ataandika, na kilichoandikwa kinatembea. Kwetu mambo haya yalikuwa yamelala. Nani anaamsha nyoka amwulize umri wake?

Wiki ya tatu mwanangu alikuja jikoni ameshika karatasi ina vumbi la mchele.

"Mama, hii inasema niende."

"Tutakwenda."

"Lini?"

"Baba yako akirudi."

"Baba nimempigia kwa simu ya bibi. Amesema kama ni meno twende tu." Akakaa kwenye kigoda. "Mama, darasani wananiita Punje. Hata yule mwenye matege ananiita Punje. Usiponipeleka nitapanda gari peke yangu."

Hakujua neno hilo linanipiga wapi.

Tulikwenda. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye hijabu, maneno yake ya Tanga, laini. Alimpiga mwanangu picha ya taya zima, akaiweka kwenye kompyuta, akaniita nisogee. Nilisogea kama mtu anayeitwa kutambua maiti.

"Tazama mama. Huku nyuma, hili gego la mwisho bado limo ndani ya taya, linasubiri siku yake. Unaliona? Sasa tazama mbele, chini. Haya mawili ni ya utoto. Chini yake kwa kawaida tungeona mengine yamejipanga kuyasukuma. Hakuna."

Palikuwa na giza tu pale. Nikasema, "Ni mimi."

"Ni wewe vipi?"

Nikasema. Sindano, punje, kigelegele, usaha. Nilisema nikitazama sakafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na mwanangu amelala kwenye kile kiti akisikia yote. Kisha mwanangu akasema, "Mchele, mama?"

"Mchele."

"Mbichi au uliopikwa?"

Daktari aligeuka akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu. Aliporudi uso ulikuwa umetulia.

"Mama, nisikilize. Lile lilikuwa jambo la hatari, ungeweza kumpoteza mtoto kwa usaha ule. Hilo ni lako, sikuondolei. Lakini meno hukuyaua wewe. Kidonda kikiliumiza jino changa, tunaliona jino lililoumia, limepinda au lina madoa. Hapa halipo la kuumia. Na haya ya juu, yaliyochongoka, mchele wako uliyafikiaje?"

Niliitazama ile picha tena.

"Mbegu za meno zinaanza kujipanga mtoto akiwa tumboni. Zinafuata maagizo tunayorithi kwa baba na mama, wenyewe tunayaita vinasaba. Agizo moja likiwa na kasoro, mwili unaruka meno mawili, au unatoa mengine membamba, au yanachelewa. Meno ya chini yakichelewa au yasipokuwepo, unafikiri yapi yataonekana kwanza?"

"Ya juu," alisema mwanangu.

Daktari akanitazama. "Mama, naomba na wewe ufungue mdomo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba hivyo. Mume wangu hajawahi. Nilikaa kwenye kile kiti, nikafungua mdomo unatetemeka, na yule binti akaingiza kioo kidogo akahesabu taratibu. "Hapa hakuna kilichovunjika," alisema. "Hapa hakukuwa na kitu."

Mtu atadhani nilipoa. Sikupoa. Nilisikia baridi ikipanda kutoka miguuni, maana kumbe ni kweli nilikuwa nayo, imo ndani yangu, nimemgawia mwanangu. Nikamwuliza, "Kwa hiyo mimi ni kigego kweli?"

"Wewe ni mtu aliyekosa meno mawili ya chini. Hilo neno lako sijui maana yake, sijalisoma popote."

Kisha akaeleza dawa yake. Yale mawili ya utoto yasing'olewe, na kama kuna fundi wa sokoni atakayesema ayang'oe ili makubwa yaje, tumkimbie, hakuna makubwa yanayokuja. Yalindwe, yanaweza kukaa miaka mingi. Juu atamfunga waya ayavute meno yazibe nafasi, kila mwezi aende kukazwa, miaka miwili hivi. Yale ya msumari atayajenga yawe na umbo. Akishamaliza kukua wataamua kuhusu chini.

"Na wewe uliyapata kwa mtu," aliniambia tukiwa tunatoka. "Mama yako?"

"Mama yangu alikufa na meno yake yote ya mbele."

"Basi upande wa pili. Ukimpata mzee wa upande huo mwenye mdomo kama wenu, mwulize ya utoto yalidumu mpaka lini. Mtoto akisikia kwa ndugu yake ataamini kuliko akisikia kwangu."

Ndani ya gari, kutoka Tukuyu mpaka tunashuka kwenye joto la Kyela, nilikuwa nawaza waya tu. Waya unang'aa. Mkwe wangu atauona. Atauliza ni wa nini, na jibu litavuta jibu lingine, mpaka tutafika kwenye punje na kigelegele cha uongo, na kutoka hapo mpaka Ngonga.

"Mama, waya nitafunga lini?"

"Tutaona."

"Unamwogopa bibi."

"Namwogopa."

"Yeye mwenyewe ana meno mangapi?" Akahesabu kwa vidole. "Manne. Na moja linacheza."

Sikucheka. Usiku na mchana nilikuwa namwona mwanangu amesimama kibarazani, mdomo wazi, na watu wakirudi nyuma.

Shangazi yangu bado alikuwa hai. Nilijua. Niliporudi Kyela kuolewa nilimwona mara mbili msibani, kwa mbali, na mara zote mbili niliondoka kabla ya kula. Kuna kitu nilikuwa nakikumbuka: akizungumza alikuwa anaweka ncha ya kitenge mdomoni. Nilidhani ni adabu za watu wa zamani. Sasa nilitaka kuona nyuma ya kile kitenge. Jumamosi asubuhi nilimchukua mwanangu tukaenda Ngonga.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, macho yameota ukungu, mwili umebaki kama kuni. Mke wa mjukuu wake alikuwa ameshika bakuli la uji.

"Mugonile, shangazi," nikamsalimia, na nikasema mimi ni nani, mtoto wa nani, wa mwaka wa shida ipi.

Kisha akasema, "Yule wa Ikombe."

"Yule wa mtoni."

Yule binti alituangalia, hakuelewa. Nikamwomba bakuli, akanipa, akaenda kuanika mpunga. Nikachota uji. Nikamwaga kidogo kwenye kifua chake. Alifungua mdomo kama mtoto. Nikaingiza kijiko, nikakielekeza chini, mbele.

Ti.

Kilikuwa chembamba, kile kisauti. Mwanangu alikisikia, akainama kabisa, akachungulia. "Mama, yapo. Mawili. Kama yangu."

Shangazi alimeza uji. Hakuweka kitenge mdomoni, nadhani alijua hakuna haja tena. "Ni ya utoto," alisema. "Hayakung'oka. Mama alinikataza nisimwonyeshe mtu."

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua nini? Mimi niliota ya chini kwanza, niliambiwa hivyo. Niliona tu hayabadiliki. Nikaogopa. Ukaja wewe na ya juu, nikasema huyu atafanya watazame na wengine." Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Wangeanza kufungua midomo nyumba nzima."

"Kwa hiyo ungenizamisha mimi."

Watu wanapenda niseme kwamba hapo niliangua kilio tukakumbatiana. Hapana. Nilikuwa nimeshika kijiko na nilikuwa na hasira ambayo ingemfikisha mtoni yeye. Lakini niliuona mdomo ule unatetemeka nikaujua. Ulikuwa unatetemeka kama wangu kwenye kiti cha daktari. Maisha yangu yote nilimwogopa mtu ambaye alikuwa ananiogopa mimi, na nusura hofu yake hiyo inizamishe. Sikumsamehe. Nilimlisha uji ukaisha, kwa sababu bakuli lilikuwa mkononi.

Mwanangu ndiye aliyeuliza lililotupeleka. "Bibi, yamekaa mpaka leo? Na unakula kila kitu?"

"Nimekula samaki mbasa na miiba yake," alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza akawa kama bibi wa watu. "Mahindi ya kuchoma ndiyo niliacha. Wewe usile mahindi ya kuchoma."

Waya ulifungwa mwezi uliofuata. Meno yalimuuma siku mbili, hakuweza kutafuna. Nilimpikia uji wa mchele, nikamkalisha jikoni, nikafunga mlango nusu, nikawa namlisha mwenyewe kama mtoto mchanga, mkubwa yule. Mkwe wangu alikuwa kibarazani. Kijiko kikagonga waya. Ni sauti kubwa, chuma kwa chuma, haifanani hata kidogo na jino.

Kibarazani kigoda kikasogea.

"Mke wa mwanangu," aliita. "Huyo mtoto ana nini mdomoni?"

Nilitafuta mawe, chungu, kijiti, uongo wangu wote wa zamani, nikaukuta haupo. Mwanangu alinitazama. Nadhani alikuwa ananipa nafasi niseme mimi. Alisubiri, kisha akajifuta uji kidevuni, akasimama, akausukuma mlango.

"Ni meno yangu, bibi. Sogea kwenye mwanga, nikuonyeshe, halafu na mama akuonyeshe ya kwake."

Nilimsikia mkwe wangu akitafuta miwani yake. Miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayetoka tope la jaruba, lakini nilisimama, kijiko bado kiko mkononi, nikawafuata.